Sista wa thieta anajibu: kile kipande cha mgongoni wanajuaje saizi yake?

Toleo lililopita niligusa tu habari ya diski za mgongo zilizochomoka na namna zinavyotolewa, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika na karibu zote zinauliza kitu kimoja: hiyo keji (kipande cha kuunganisha pingili) au diski ya bandia (ile inayocheza) inayowekwa kati ya pingili, nani anajua iwe na ukubwa gani? Basi leo tukae hapohapo. Kwa mgeni wa safu hii, mi si daktari, ni sista niliyekula miaka yangu thieta upande wa kupanga na kukabidhi vyombo, kwa hiyo vyombo ndo navijua, ugonjwa wa mzee wako mwenye majibu ni daktari wake. Barua nimezifupisha, na matusi mawili nimeyatoa.

SWALI: Sista shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, diski ya chini imekwisha kabisa na mguu wa kushoto una ganzi mpaka dole gumba. Daktari kasema watakwangua hiyo diski ya kati ya L4 na L5, pingili mbili za mwisho za kiuno, waweke keji na skrubu. Nilipomuuliza keji ya saizi gani akanijibu "tutajua tukiwa ndani", toka siku hiyo silali. MRI tumepiga, hela imetoka, afu bado hajui saizi? Sasa MRI ilipima nini?
Mtoto wa kwanza, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Huyo daktari kakujibu vizuri kuliko unavyodhani, mi ningemuogopa yule anayekwambia ni milimita 11 kabla hajanawa mikono.

MRI imepima, tena sana tu. Imeonesha diski gani imekwisha na mshipa gani wa fahamu umebanwa, na daktari ameshapima kwenye kompyuta ule uwazi pamoja na kimo cha diski jirani iliyo nzima, kwa hiyo anaingia thieta na makadirio yake kichwani, tuseme kati ya 9 na 12. Lakini fikiria, siku ya MRI mama alilala chali, anaumwa, misuli ya mgongo imekaza ka kamba ya tanga. Siku ya upasuaji atalala kifudifudi, ana usingizi mzito, kapewa na dawa ya kulegeza misuli, diski yenyewe imekwanguliwa yote na mfupa kidogo wa nyuma umepunguzwa ili kupata njia. Ule uwazi uliokuwa umejifunga unafunguka. Unafunguka kiasi gani, hiyo hakuna picha ya wiki mbili nyuma inayoweza kukwambia.

Ndo maana kuna traio, chombo cha kujaribia saizi. Umeshamuona seremala anavyotega fremu ya mlango? Anachomeka kabari, anagonga kidogo, anatikisa fremu, ikicheza anaitoa anachukua nene zaidi, mpaka afike ile ambayo ukitikisa fremu na ukuta unaitika. Hakuna seremala anayetoka na namba ya kabari nyumbani. Traio ni kabari hiyohiyo ila ya chuma kilichosuguliwa mpaka kinang'aa, kichwa chake kina umbo na kimo cha keji, kimekaa kwenye mpini mrefu, na namba imechongwa: 7, 8, 9, 10, inapanda hivyohivyo. Seti nyingine kila namba ina rangi yake ili sista asihangaike kusoma vitu vidogo chini ya mwanga mkali. Traio haibaki mwilini, ni ya kujaribia tu, ka kile kiatu cha mguu mmoja kinachokaa shelfuni dukani.

Sasa nikuoneshe jinsi inavyokwenda nikiwa nimesimama kwenye meza yangu. Daktari ameshamaliza kutoa diski kwa koleo ndogo na vijiko vyenye makali, ameparua lile gegedu la juu na la chini mpaka mfupa unatoa damu kidogo, maana mfupa usiotoa damu hauungi, lakini hajauvunja ule uso mgumu wa pingili kwa sababu ndo sakafu ya keji. Anasema nipe nane. Nampa. Inaingia yenyewe, hata nyundo hakuna, akiivuta kwa vidole viwili inatoka ka kisu kwenye papai. Nipe tisa. Inaingia kwa kusukumwa, ikivutwa inasita kidogo afu inakuja. Nipe kumi. Hapo nyundo, tak, tak, na kama una masikio ya kazi utasikia mlio unabadilika, unakuwa mzito, hauna ule mwangwi wa mwanzo. Anavuta mpini taratibu, haiji, na pingili yenyewe inafuata mkono wake, yani mgongo mzima unaitika. Anaita ile eksirei yenye umbo la herufi C inayozunguka meza, inapigwa picha ya ubavu, wote tunageukia skrini kuona chuma kimekaa wapi, kimegusa juu na chini vizuri au kimeacha pengo, na nyuma ule mlango wa mshipa wa fahamu umefunguka au bado. Akiridhika ndo anasema "keji ya kumi". Dakika hiyo, si kabla, boksi la keji linafunguliwa, kwa sababu keji ikishafunguliwa imeshanunuliwa hata ikirudi mezani.

Ya kulegea ina ubaya gani? Itatembea, na ikitembea kurudi nyuma inakutana na mishipa ileile tuliyoenda kuiokoa, na pingili hazitaungana. Ya kubana kupita kiasi nayo inapasua ule uso wa pingili na siku zinavyokwenda keji inazama kwenye mfupa ka kigingi kwenye tope, kimo chote mlicholipia kinapotea. Mama ana miaka 58, hapo mi ningeuliza swali moja tu la nyongeza: mifupa yake imepimwa uimara? Kuna kipimo kinaitwa DEXA, kinatoa alama, na alama ikiwa hasi 2.5 au chini ya hapo mfupa umeshakuwa mwepesi, na mfupa mwepesi hautaki kabari ya kulazimishwa. Uliza hilo kabla ya kuuliza saizi.

SWALI: Sista mambo vipi. Mi ni dereva wa trela Mombasa Malaba, mrefu futi sita na inchi mbili. Mwaka jana nilitolewa diski ya shingo kati ya pingili za C5 na C6 nikawekewa ya bandia ile inayocheza, si ile ya kuunganisha. Kwa karatasi yangu imeandikwa kimo 5 mm. Rafiki yangu ambaye ananifika kifuani hapa yeye aliwekewa 6. Sasa si nimepunjwa?
Dereva, Mombasa

JIBU: Poa ndugu yangu, na hujapunjwa. Kofia ya kiua hainunuliwi kwa urefu wa mtu, inanunuliwa kwa kichwa, na majitu marefu yenye vichwa vidogo tunayajua.

Diski za shingoni ni nyembamba hata kwa jitu, na hizo za bandia nyingi zinakuja kwa kimo cha 5, 6 na 7 tu. Daktari anayejua kazi akikuta ya 5 imeshika vizuri haendi 6 kwa ajili ya sifa. Shingo haiegemei diski peke yake, nyuma ya kila pingili kuna vifundo viwili vidogo vinavyosuguana ukigeuza kichwa, na vinafanya kazi vikiwa vimekaribiana. Ukitia diski ya 7 kwenye nafasi ya 5 unavitanua vile vifundo kwa nyuma, mtu anaamka na maumivu ya shingo na mabega ambayo hakuwa nayo, afu diski yenyewe ambayo tumeinunua icheze haichezi tena, imekazwa pande zote ka bawaba iliyopakwa rangi pamoja na mlango. Hapo bora ungeunganishiwa tu ukajua moja.

Mwili wako mkubwa upo kwenye namba nyingine. Chukua hiyo karatasi uiangalie tena, mbali na kimo kuna namba mbili zimefuatana, upana na kina. Hizo ndo nyayo za diski, eneo inalokanyagia kwenye pingili, na hapo kweli kubwa ni bora ilimradi isichungulie nje. Sababu ni kwamba pingili si ngumu sawasawa, pembezoni ndo kuna mfupa mgumu, katikati ni laini zaidi. Diski yenye nyayo ndogo inakanyaga palipo laini na kuzama. Kwa hiyo thieta wanapima mara mbili, upana na kina kwa kipimo chenye mistari au kwa traio yenyewe kuangaliwa kwenye eksirei, afu kimo kwa kujaribu. Huenda upana wako na wa huyo rafiki haulingani, mpigie muulinganishe mmalize ubishi.

SWALI: Assalamu alaykum sista. Niko Muscat kikazi, baba yuko Pemba na atapasuliwa mgongo Dar mwezi ujao inshallah. Huku nimeona mtandaoni keji za titaniamu bei nafuu sana, na muuzaji huyohuyo ana seti ya traio zilizotumika. Nataka ninunue vyote nimpe mtu anayekuja. Daktari anipe saizi tu nitume hela. Unanishauri nini?
Mtoto wa Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Usinunue. Najua unataka kumfanyia baba jambo na Mungu akulipe kwa nia, ila hela hiyo iache mfukoni kwanza.

Saizi ya kukupa haipo, soma jibu la wa Tanga hapo juu. Ungetaka kufanya kweli ungetuma boksi zima lenye saizi zote, na bado ningekuwa na neno. Traio na keji ni mama na mtoto, ukizitenganisha hazijuani. Traio ya kampuni moja haipimi keji ya kampuni nyingine hata kama zote zimeandikwa 10, kwa sababu huyu anahesabu kimo pale mbele palipo parefu na yule anahesabu katikati, huyu kahesabu na yale meno ya juu yanayong'ata mfupa na yule hakuyahesabu, afu kuna nyuzi za mwinamo, keji ya kiunoni mara nyingi inakuwa nene mbele na nyembamba nyuma ili kiuno kipate ule mbonyeo wake wa asili. Sehemu ya chini kabisa, kuanzia L4 mpaka nyonga, ndo inabeba karibu theluthi mbili ya mbonyeo wote wa kiuno, ukikosea nyuzi pale mzee anatoka anatembea kainama ka anatafuta shilingi. Bado hujafika kwenye mpini wa kuingizia keji, nao una uzi wake wa skrubu, wa kampuni nyingine haushiki. Utakuwa umemletea daktari kufuli bila ufunguo.

Na hizo traio zilizotumika, nani kazisafisha? Kimo chake bado ni kile kilichoandikwa au zimegongwa miaka kumi mpaka zimekula? Na ile keji ya bei nafuu ina namba ya toleo inayofuatilika? Mgonjwa anatakiwa kuondoka na kikaratasi cha kubandika chenye jina la kipandikizi, saizi na namba hiyo, kinakaa kwenye faili. Ya mtandaoni ikileta shida utamuuliza nani.

Ngoja nikwambie iliyonikuta. Hospitali moja niliyofanya kazi, siitaji, tulikuwa hatuna seti yetu ya mgongo, tunaazima kwa kampuni. Trei zikafika usiku, zamu ya usiku wakazipokea, wakaosha, wakatia otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, hawakuhesabu. Asubuhi mgonjwa kashalala na kashapasuliwa, mi nafungua trei, na kila traio ina tundu lake kwenye trei, sasa tundu la namba 10 liko tupu linanikodolea macho. Nikamwambia daktari akasema labda hatutaihitaji. Bwana, tukaihitaji. Ya 9 ilikuwa inacheza, ya 11 imegoma kabisa na daktari hakutaka kuilazimisha. Keji ya 10 ipo kwenye boksi, traio yake ndo haipo. Tulisimama pale mtu wa kampuni anapiga simu, saa ya ukutani inakwenda, dokta wa usingizi ananiangalia ka mi ndo nimeila. Mwisho daktari alichukua keji ya 10 moja kwa moja, akaiingiza kidogokidogo, picha baada ya picha, ikakaa. Ilikaa, lakini tulikisia, na mi sikupenda. Toka siku hiyo hakuna mgonjwa aliyelazwa usingizi mi nikiwa zamu kabla sijahesabu matundu.

Kwa hiyo kama unataka kumsaidia baba kutoka Muscat, piga simu uulize swali la kiunyonge tu: seti ni ya hospitali au ya kuazima, na kama ni ya kuazima inafika lini. Ikifika siku moja au mbili kabla kuna muda wa kuhesabu, kuosha na kutafuta kilichopungua. Ikifika usiku wa kuamkia upasuaji, omba dua.

SWALI: Sista mwenzangu, kwetu traio tunaloweka kwenye klorini dakika kumi kwanza ndo tunaosha. Mtu wa kampuni juzi kaja juu, anasema tunaharibu. Tulifundishwa hivyo chuoni, yeye anatuletea ya wapi?
Muuguzi, Mwanza

JIBU: Tulifundishwa wote mwenzangu, asilimia 0.5 dakika kumi, mpaka mikono ikawa inanuka klorini nyumbani. Ila jamaa yuko sahihi safari hii. Shirika la Afya Duniani halishauri tena kuloweka vyombo kwenye dawa kabla ya kuosha, dawa inazimwa na damu yenyewe, inagandisha uchafu, na klorini inatoboa chuma vitundu vidogovidogo ambavyo ndo vinakuja kuficha vijidudu na kuanzisha kutu. Chombo kikitoka mezani kifutwe, kisiachwe kikauke, kiende kwenye maji na sabuni ya vyombo vya hospitali, na uvae glavu nene na miwani maana sasa hakuna klorini ya kukufanya ujione salama.

Kwa traio penyewe, tenganisha kichwa na mpini kama unafunguka. Pale kwenye uzi wa skrubu ndo damu inajificha, brashi ndogo iingie kabisa, usipitishe maji tu juujuu ka unaosha embe. Afu otoklevu, ile inayovuta hewa kwanza, nyuzi 134 kwa dakika tatu mpaka nne au jinsi karatasi ya mtengenezaji inavyosema, na karatasi ikitofautiana na mimi ifuate karatasi. Trei za mgongo ni nzito, zikitoka zimelowa zirudie, usibebe trei yenye maji ndani ukasema itakauka njiani.

Na kitu kimoja watu wanasahau. Ile namba iliyochongwa inafutika kwa brashi za miaka mingi. Nimeshakuta 8 inayosomeka 6, na kwenye mgongo hiyo si tofauti ya kuchekea. Venia ya fundi, kile kipimo cha milimita, mnayo? Pima kichwa cha traio mara mojamoja, kisichosomeka kitolewe kwenye seti.

SWALI: Nilifanyiwa upasuaji miezi mitatu iliyopita nikaambiwa nimewekewa keji. Jana nimepiga eksirei, skrubu zinaonekana vizuri ila katikati hakuna keji, kuna vidoti vitatu tu. Nimeibiwa?
Mwenye hasira, Dodoma

JIBU: Shusha hasira, keji ipo. Keji nyingi sa hivi zinatengenezwa kwa plastiki ngumu sana inaitwa PEEK, na eksirei inapita kwenye plastiki hiyo ka jua kwenye kioo. Hivyo vidoti ni vipini vidogo vya madini ya tantalamu au titaniamu vilivyotiwa makusudi kwenye kona za keji ili daktari ajue mwanzo na mwisho wake. Wanaipenda PEEK kwa sababu ugumu wake unakaribia wa mfupa kuliko titaniamu, na kwa sababu hiyohiyo ya kupitisha eksirei, daktari anaona mfupa mpya unavyoota katikati. Traio yenyewe ni chuma, kwa hiyo thieta ilionekana nyeusi tii kwenye skrini, ndo maana wanapiga picha nayo kabla hawajaweka keji isiyoonekana. Mpelekee daktari hiyo picha aangalie vidoti vimekaa palepale, hilo ndo la maana.

SWALI: Sista uliandika diski za mgongo ni 24. Mwanangu wa kidato cha tatu kasema ni 23 na kaninyanyasa wiki nzima.
Baba, Morogoro

JIBU: Kijana kashinda. Kati ya fuvu na pingili ya kwanza hakuna diski, kati ya ya kwanza na ya pili hakuna pia, zinaanza kati ya C2 na C3. Sita za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, jumla 23. Nilihesabu pingili nikasema diski. Mnunulie soda, mi nitalipa.

SWALI: Habari sista, nasoma uhandisi wa vifaa tiba. Naomba unieleze nani alianza hivi vitu na kwa nini traio zina umbo bapa la ajabu, si rahisi kutengeneza duara?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Swali lako la pili lina historia nzima ndani yake, nimelipenda. Duara lilishajaribiwa.

Mwaka 1934 ndo madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipoandika wazi kwamba ile diski iliyochomoka ndo inayobana mshipa na kuuma mguu. Baada ya hapo kazi ikawa kutoa tu. Ukitoa unabaki na pengo, pingili zinashukiana. Basi kule Sweden, miaka ya 1960, daktari Ulf Fernström akaja na wazo la kutia gololi ya chuma kwenye lile pengo, gololi kabisa, akachapisha habari zake mwaka 1966. Hebu we mhandisi niambie kabla sijakwambia mimi. Gololi inagusa juu kwenye kidoti na chini kwenye kidoti, uzito wote wa mtu umekaa kwenye vidoti viwili, tena katikati ya pingili, palepale nilipomwambia dereva wa Mombasa kwamba ni laini. Nyingi zikazama. Saizi ya kimo ilikuwa inafaa, nyayo ndo hazikuwepo.

Wengine walipita njia ya kuunganisha. Daktari George Bagby, jimbo la Washington, Marekani, alianza na farasi. Kuna ugonjwa wa farasi, shingo inabana uti wa mgongo, mnyama anayumba ka mlevi, yeye na madaktari wa mifugo wakawa wanatia kikapu cha chuma chenye matundu kati ya pingili za shingo, mfupa unaota humo ndani. Farasi maarufu wa mbio Seattle Slew, aliyechukua mataji matatu makubwa ya Marekani mwaka 1977, alifanyiwa upasuaji huo mwaka 2000. Toka kwenye kikapu cha farasi ikaja keji ya binadamu iitwayo BAK, Marekani wakairuhusu mwaka 1996. Ukisikia watu wanasema keji, ujue ilitoka zizini.

Ila ninayempenda mimi ni Karin Büttner-Janz. Huyu alikuwa mwanamichezo wa jimnastiki wa Ujerumani Mashariki, akachukua dhahabu mbili Olimpiki ya Munich 1972, afu akasoma udaktari wa mifupa. Yeye na Kurt Schellnack kwenye hospitali ya Charité, Berlin, wakabuni diski ya bandia yenye sahani mbili za chuma na kokwa la plastiki katikati, ya kwanza ikawekwa mwaka 1984. Na wao wakaangukia palepale, sahani za mwanzo zilikuwa ndogo zikawa zinazama, toleo la pili likapanuliwa likawa linavunjika, mpaka toleo la tatu mwaka 1987 lenye sahani pana na imara ndo likasimama. Marekani wakaikubali 2004. Miaka yote hiyo watu wanajifunza kitu kimoja, kwamba unaanza na sehemu ya kukanyagia ndo unakuja kwenye kimo.

Sasa rudi kwenye umbo la ajabu. Traio ni bapa kwa sababu uso wa pingili ni bapa wenye kijibonde, ina kingo zilizolainishwa mbele ili ipite pembeni ya mfuko wa mishipa ya fahamu bila kukwaruza, na nyingine ina kona kama ndizi kwa sababu inaingilia upande halafu inazungushwa mpaka mbele. Kuna na keji mpya zinazotanuka, zinaingia zimejikunja na kuinuliwa kwa kuzungusha skrubu, wengine wanasema traio zitakufa. Sioni. Bado lazima ujue itakanyaga wapi na uanzie kimo gani, na kinachotanuka kwa skrubu hakikupi ule mrejesho wa mkono ka kabari ya kawaida, ni rahisi kuzidisha zamu moja. Ukitaka mradi wa mwaka wa mwisho, tengeneza mpini wa traio unaosoma nguvu ya kuvuta, maana mpaka leo nilichokuwa naona ni daktari anavuta, ananyamaza, anasema "hii ndo yenyewe", na sisi wengine tunamwamini.

SWALI: Baba yangu mzee kasikia kwa jirani kwamba wanakugonga nyundo mgongoni. Kagoma kwenda. Ni kweli au ni uongo tumwambie?
Familia, Iringa

JIBU: Msimdanganye mzee, ni kweli. Ila haigongwi mgongoni, inagongwa kwenye mpini wa chombo, kwa mapigo madogo, na kwenye traio nyingi kuna kidole cha kuzuia au mistari ya kina inayosema mwisho hapa, maana mbele ya pingili za kiuno kuna mishipa mikubwa ya damu na hakuna anayetaka kufika huko, kila mapigo machache wanasimama wanapiga picha. Nyundo nyingine tunaitumia kinyumenyume, ina mdomo uliochanwa unaingia kwenye mpini, inagongwa kuelekea nje ili kuitoa traio iliyoshika. Yeye atakuwa amelala hajui hata saa. Mwambieni nimewaona wengi wakiamka, hakuna hata mmoja aliyeulizia nyundo, wote wanaomba maji, na wote wananyimwa mpaka sista wa wodini aruhusu.